Namna ya kupima kama nchi inayopanda ishakuwa supapawa: mwongozo kamili kwa watu wa baraza

Baraza lolote hapa Unguja, iwe Jaws Corner, Darajani au Mwanakwerekwe, na ukivuka Pemba ukakaa Chake au Wete ni yaleyale, likianguka suala la China na India basi kahawa inapoa na mtu hajashinda. Mmoja anasema China ishampita Mmarekani zamani nyie mmelala tu, mwengine anasema India inakuja kwa kasi yule mtu bilioni moja na nusu atazuiliwa na nani, wa tatu anasema yote hayo kelele Mmarekani ni Mmarekani. Na wote wanazo khabari, simu kila mtu anayo, lakini huyu anapima kwa watu, yule kwa madaraja na reli, yule kwa makombora, sasa mtakubaliana vipi wakati kila mmoja kaja na kipimo chake mfukoni?

Kwahiyo nimeziweka hapa hatua ninazozifuata mie mtu akiniuliza "hii nchi ni supapawa au bado". Nitatumia China na India kwa mfano maana ndio zinazogombaniwa, lakini unaweza kuweka Brazil, Uturuki, Indonesia, yoyote utakayo, kazi ni ileile.

Hatua ya 1: Mkubaliane kwanza mnapima nini

Usiingie kwenye tarakimu kabla ya hili. Mwaka 1944 msomi mmoja wa Kimarekani, William Fox, alilieleza jambo hili vizuri na mpaka leo sijaona aliyemzidi: alisema supapawa ni yule mwenye nguvu kubwa pamoja na uwezo wa kuipeleka nguvu hio mahali popote. Vitu viwili, sio kimoja. Ukiwa na nguvu nyingi lakini inaishia mpakani kwako, wewe ni mkubwa wa mtaani, hongera, lakini supapawa si wewe. Fox wakati ule alizitaja nchi tatu, Marekani, Urusi ya Kisovieti na Uingereza. Hio Uingereza iwekeni pembeni, tutairudia hatua ya 8 maana mna darasa kubwa ndani yake.

Kwahiyo suali la kuuliza kwenye kila hatua ni hili tu: nchi hii inaweza kufanya itakalo mbali na kwao, na mwengine akitaka kuizuia akashindwa? Vyengine vyote, pesa, meli, watu, ni vyombo vya kufikia hapo.

Hatua ya 2: Tizama uchumi, lakini usitizame tarakimu moja

Hapa ndipo watu wanapodanganyana sana. Chukua pato zima la nchi kwanza. Mwaka 2024 Marekani ilikuwa kama dola trilioni 29, China kama trilioni 18 na kitu, India kama trilioni 3.9. Halafu gawa kwa watu, kwa Marekani kila kichwa inakuja kama dola 85,000, China kama 13,000, India haifiki hata 3,000. Sasa yule anayesema "India ya tano duniani kwa uchumi" hajasema uongo kwa tarakimu hizo, lakini pesa hio inalisha watu zaidi ya bilioni 1.4 (India ilimpita China kwa idadi ya watu mwaka 2023), na serikali yenye watu wengi hivo wanaohitaji maji, umeme na skuli haina nafasi kubwa ya kutoa mapesa kwenda kujenga nguvu mbali.

Mtakuta pia mtu anakwambia China ishaipita Marekani, ukimuuliza wapi anakuletea kipimo cha bei za ndani, kile kinachohesabu kuwa pesa ileile inanunua vitu vingi zaidi Shanghai kuliko New York. Kipimo hichi ni kizuri kwa kujua watu wanaishi vipi. Kwa kupima nguvu ya nje mie sikitumii peke yake, kwa sababu mafuta na mashine za kigeni hazinunuliwi kwa bei za sokoni Shanghai, zinanunuliwa kwa bei ya dunia.

Ukimaliza hapo uliza suali ambalo wengi wanaliruka nalo ndio muhimu: nchi hii ina kitu gani ambacho wengine hawawezi kuishi bila yake? China inatengeneza zaidi ya robo ya bidhaa zote za viwandani duniani, zunguka Darajani utizame lebo, hata huhitaji takwimu. Na kuna yale madini adimu yanayoingia kwenye sumaku za gari za umeme, simu, ndege za kivita, China ndio inayosafisha sehemu kubwa mno ya madini hayo, wengine wanayo ardhini ila hawana viwanda vya kuyasafisha. Aprili 2025 ilipoweka masharti ya kuyauza nje, viwanda vya magari Ulaya na Marekani vilianza kuhangaika ndani ya wiki chache. India ina dawa za bei nafuu zinazotibu maskini wengi duniani, sisi tukiwemo, na ina mafundi wa kompyuta kila pembe, lakini haina kitu cha kukaba mtu roho namna ile.

Hatua ya 3: Sarafu

Fupi lakini usiiruke. Uliza nchi nyengine zinaweka akiba zao kwa pesa ya nani. Zaidi ya nusu ya akiba za fedha za kigeni za benki kuu duniani ni dola, yuan ya China ni asilimia mbili hivi, rupia ya India karibu haimo.

Na sisi Wazanzibari tusijifanye wageni wa jambo hili, wazee wetu walikuwa wakitumia rupia mpaka 1936 ilipoletwa shilingi, na kabla yake ilikuwa reale ya Maria Theresa. Lakini angalia vizuri, ile rupia haikuwa nguvu ya Mhindi, Mhindi mwenyewe alikuwa chini ya Mwingereza. Sarafu inafuata mwenye meli na mwenye biashara. Leo ukikaa na mwenye hoteli Nungwi au Paje hesabu zake za kichwani ni za dola hata kama risiti imeandikwa shilingi.

Faida ya sarafu utaiona wakati wa ugomvi. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, Marekani na wenzake waliizuia akiba ya benki kuu ya Urusi ya kama dola bilioni 300, bila kupiga risasi hata moja. China haiwezi kumfanyia mtu kitu hicho leo. Hapa China imefeli, na mtu wa China hapo barazani akubali tu.

Hatua ya 4: Jeshi, na hapa msome taratibu

Watu wakisikia jeshi wanahesabu askari. Askari si hoja, Korea Kaskazini ina askari wengi kuliko nchi nyingi za Ulaya. Hoja ni umbali. Dau linakufikisha Chumbe na jahazi linakufikisha Maskat, vyote vyombo, ila huwezi kuviweka daraja moja.

Mfano wa umbali tunao hapahapa Forodhani. Tarehe 27 Agosti 1896, baada ya Sayyid Khalid bin Barghash kukaa kwenye kiti bila ya ruhusa ya Mwingereza, meli tano za kivita zilijipanga mbele ya jumba saa tatu asubuhi zikaanza kupiga. Haikufika saa moja, wengi wanasema dakika 38, jumba linaungua, meli ya Sultan, Glasgow, ishazama, watu kama 500 wameuliwa na kujeruhiwa na Sayyid Khalid kakimbilia ubalozi wa Mjerumani. London iko wapi na Unguja iko wapi? Na hakuna aliyeweza kumwambia Mwingereza acha. Hio ndio maana ya kupeleka nguvu mbali, na kwa bahati mbaya sisi tumeisoma kwa kupigwa.

Sasa leo unapima hivi. Moja, meli za kubeba ndege: Marekani inazo 11, China tatu (ya tatu, Fujian, imeingia kazini Novemba 2025), India mbili, moja wakaiunda wenyewe, Vikrant, 2022. Pili, vituo nje ya nchi, maana meli inataka mafuta, chakula na fundi. Marekani ina vituo kwenye nchi nyingi mno, kila bara utawakuta. China kituo inachokikubali wazi ni cha Djibouti, kilichofunguliwa 2017, tena Mmarekani yupo Djibouti hiyohiyo ameshakaa zamani. India imesaidia kujenga uwanja wa ndege na gati Agalega, kisiwa cha Mauritius, vikafunguliwa 2024, jambo la maana kwa Bahari yetu ya Hindi ila bado dogo. Tatu, bajeti: mwaka 2024 Marekani ilitumia kama dola bilioni 997 kwa jeshi, China inakisiwa 314, India 86.

Nuklia nazo zihesabu lakini zisikuchanganye. India ilifanya jaribio la kwanza 1974 na mengine 1998, China inakisiwa kuwa na mabomu kama 600, Marekani na Urusi ndio wenye karibu asilimia 90 ya yote duniani. Bomu linamzuia mtu asikuvamie, halikupi uwezo wa kumuamrisha mtu wa mbali. Pakistan inalo pia, mbona hatuiiti supapawa?

Na jengine, msifikirie kuwa supapawa hashindwi. Marekani ilitolewa Vietnam, ikatoka Afghanistan 2021 vile mlivyoona kwenye TV, Warusi walitoka hukohuko Afghanistan 1989. Hata hapa kwetu Mmarekani alikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury, baada ya Mapinduzi ya 1964 akaambiwa afungashe akafungasha. Kushindwa pahali pamoja hakumvui mtu cheo, tizameni vizuri wenyewe, aliyeweza kufika kote huko ni nani?

Hatua ya 5: Nani yupo mezani jambo linapokatwa

Mwaka 1890 Mwingereza na Mjerumani walikaa wakagawana, kisiwa cha Heligoland kikaenda kwa Mjerumani, Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Mwingereza. Mambo yakamalizwa huko Ulaya, wenye nchi tukawa tunasubiri majibu. Kwahiyo hatua hii pima: jambo kubwa likitokea, nchi hii inaitwa au inaarifiwa?

Kipimo rahisi cha leo ni kura ya turufu kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na hakuna Mzanzibari anayehitaji kufundishwa kura ile ni kitu gani, tumeionja. Oktoba 1971 China ya Beijing ilipopewa kiti chake UN kwa kura 76, balozi wa Tanzania pale alikuwa Dk. Salim Ahmed Salim, mtu wetu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliopigania sana jambo lile, ukumbi ulilipuka kwa shangwe na Wamarekani hawakupendezwa hata kidogo. Miaka kumi baadae, 1981, Salim anagombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ana kura za kutosha, Marekani inamwekea turufu. Upande wa pili China inamwekea turufu Kurt Waldheim, mara 16. Raundi baada ya raundi, wiki zinakwenda, huyu anamfunga yule anafungwa, mwisho wote wawili wakakaa pembeni akaibuka Pérez de Cuéllar wa Peru.

Angalia hapo: China ya 1981 ilikuwa maskini, watu wake wengi wakulima, lakini ilikuwa na uwezo wa kusimamisha dunia nzima kwa mkono mmoja ulionyanyuliwa. India mpaka leo haina kiti kile cha kudumu, inakiomba pamoja na Ujerumani, Japan na Brazil, na China haioneshi haraka yoyote ya kuifungulia.

Lakini pia msikitegemee kiti peke yake. Ufaransa na Uingereza wanacho, na hakuna anayewaita supapawa leo.

Hatua ya 6: Majirani

Marekani juu ana Canada, chini ana Mexico, kushoto na kulia bahari. Analala usingizi. China kazungukwa na Japan, Vietnam, Ufilipino, Taiwan, na India ambayo askari wao walipigana hadi kuuana kule Galwan milimani 2020. India nae ana Pakistan, Mei 2025 walirushiana makombora siku nne. Mtu anayelinda mlango wake usiku na mchana nguvu nyingi inaishia hapohapo mlangoni, na India ndio inayoumia zaidi kwa hili.

Hatua ya 7: Watu wanawapenda?

Mie hatua hii naipa alama chache, wengine watanibishia. Madaktari wa Kichina wanakuja Zanzibar tokea 1964, kizazi kinapokea kizazi, na spitali ya Abdulla Mzee kule Mkoani wameijenga upya wao, ukienda Mkoani usimseme vibaya Mchina utakosa pa kukaa. India imetuletea kampasi ya IIT Madras, chuo chao cha teknolojia, 2023, ya kwanza ya IIT nje ya India, na filamu zao tumekua nazo, hata nyimbo za taarab zimechota kule. Zote hizo ni nguvu, ndio. Lakini vijana wetu wanaomba viza ya wapi? Wanasoma kompyuta kwa lugha gani? Na tizama Misri ya Nasser, miaka ya hamsini Radio Cairo ya Kiswahili ilikuwa ikisikilizwa Unguja mpaka Mwingereza anakosa raha, mvuto mkubwa kabisa, na Misri haikuwa supapawa hata siku moja.

Teknolojia iingizeni hapahapa. India ilishusha chombo karibu na ncha ya kusini ya mwezi Agosti 2023, nchi ya nne tu kushusha salama mwezini. China ina kituo chake cha anga. Ila kwenye chipu za kompyuta za kisasa kabisa Marekani bado ina uwezo wa kumbana China, tokea Oktoba 2022 imeweka vikwazo na mashine zinazohitajika zinatengenezwa na kampuni moja tu ya Uholanzi.

Hatua ya 8: Mtihani wa Suez

Ukiwa huna muda wa hatua zote, fanya hii peke yake.

Ile Uingereza ya Fox, supapawa wa 1944. Mwaka 1956 Nasser anautaifisha mfereji wa Suez, Uingereza na Ufaransa wanapanga na Israel wanaivamia Misri. Kijeshi walikuwa wanashinda. Lakini Eisenhower, rais wa Marekani, hakutaka, pauni ya Mwingereza ilikuwa inaporomoka, Marekani ikakataa isisaidiwe mpaka wasimamishe vita. Na Mwingereza yule aliyepiga Beit al-Hukum, lile jumba la Forodhani, kwa dakika 38 na hakuna wa kumwambia kitu, akaambiwa acha, akaacha. Ndani ya siku chache. Tokea siku ile meli zilikuwa zipo, kiti cha UN kipo, makoloni mengi yapo, sisi wenyewe tulikuwa bado chini yake, lakini usupapawa ulikuwa ushaondoka.

Basi mtihani ndio huo: kuna mtu mmoja anayeweza kuiambia nchi hii acha, ikaacha?

Iwekeni China. Aprili 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa za China mpaka asilimia 145, China ikapandisha wa kwake ikaongeza na yale masharti ya madini, Mei wakakaa Geneva, Marekani ikashuka mpaka 30. Hakuna aliyeacha kwa kuambiwa, walipatana. Iwekeni India. Agosti mwaka huohuo Marekani ikaipandishia India mpaka asilimia 50, nusu yake kwa sababu ya kununua mafuta ya Urusi. India ilikasirika na haikuacha kununua mara moja, kwa hilo naipa heshima yake, ila haikuwa na kitu cha kumrejeshea mwenzake akaumia.

Hatua ya 9: Toa hukumu, usiogope

Usijumlishe alama kama mtihani wa darasa la saba, maana nchi inaweza kufaulu sita ikaangushwa na moja. Andika pale ilipofeli, halafu uliza kufeli huko kunaizuia kufanya itakalo mbali?

Hukumu yangu: China ni supapawa, lakini bado haijalingana na Marekani. Viwanda na madini vinampa nguvu inayofika kila pahali bila ya meli ya kivita, mtihani wa Suez kaupita, sarafu na vituo vya nje ndio deni lake, na watu wake wameanza kupungua tokea 2022, hilo litakuja kumsumbua. India ni taifa kubwa, kubwa kwelikweli na lenye vijana wengi, na kwenye Bahari ya Hindi sisi tutaisikia kabla ya wengine, ila supapawa bado. Anaebisha aje na kitu kimoja ambacho India ikikizuia Washington na Beijing watalala njaa.

Na msipime mara moja mkamaliza. IMF inatoa tarakimu mpya za uchumi kila Aprili na Oktoba, SIPRI wa Sweden wanatoa matumizi ya majeshi kila Aprili, zote bure kwenye intaneti. Mtu mmoja barazani apewe kazi ya kuzisoma kwa sauti kabla ya ubishi kuanza, na asiwe yule anaeshabikia upande wowote, kama mtampata.